Pangani na mashua za kushonwa: naomba mwongozo

Fundi wa Igombe
Wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, Mwanza, kazi niliyorithi kwa baba. Tunapigilia mbao kwenye mataruma (mbavu za chombo), kisha tunaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Lakini babu yangu wa Ukerewe alikuwa akitusimulia mitumbwi mirefu ya Waganda iliyoshonwa kwa kamba, msumari hakuna. Nimesoma kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki habari za Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, penye pembe za ndovu, magamba ya kasa na mashua za kushonwa. Wapo wanaosema ndiyo Pangani, mji wa pwani ya Tanga. Nataka kwenda. Je, yupo fundi anayeshona bado?

Mzawa wa Bweni
Fundi, karibu kwetu. Kushona hukuti tena. Mashua zetu ni misumari na kalafati (kuziba nyufa) kama zenu, na ngalawa tunazichonga. Kuhusu Rhapta, wengine wanaielekeza delta ya Rufiji, na hakuna aliyethibitisha. Mimi Pangani naipenda kwa yale yaliyo wazi. Karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka hapa mdomoni mwa mto, ikakata Umasaini. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, alipopita huko mwaka 1883 hadi ziwa lenu, sehemu ya safari aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Yaani watu wetu walizijua njia za bara kabla ya wageni! Na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alianza kupambana na Wajerumani hapa mwaka 1888, wakamnyonga hapahapa Desemba 1889. Usiondoke bila kuuliza habari zake.

Mjukuu wa nahodha
Kwa kushona, tafuta habari za mitepe, mashua za kushonwa za Lamu. Mbao ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga likawa la mkeka. Zilidumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Faida yake fundi utaielewa upesi: chombo cha kamba kinanyumbuka kikigonga mwamba au kikikwama mchangani, cha misumari kinapasuka.

Fundi wa Igombe
Hilo la kunyumbuka limenigusa sana. Huku miamba ndiyo adui yetu. Usafiri je?

Dereva wa Nyegezi
Basi la Tanga kupitia Singida na Arusha. Shuka Muheza, hapo kuna gari za Pangani. Kuanzia Moshi unateremka kuelekea upande uleule na Mto Pangani, maana maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, Korogwe, Hale, hadi baharini.

Fundi wa Igombe
Asanteni sana. Mzawa, ngalawa mnachonga kwa mti gani?

Mzawa wa Bweni
Mwembe. Ukifika nitafute, tuvuke mto pamoja nikupeleke kwa mafundi. Njoo na patasi zako, watataka kuona mkono wako.