Je, ni lazima kusafishwa meno kliniki kila baada ya miezi sita?

Mkazi wa Tabata:

Habari za jioni, ndugu zangu. Wiki iliyopita nilikwenda katika kliniki moja ya meno kuziba gego lililokuwa limetoboka, na kazi hiyo ilifanyika vizuri. Kabla sijaondoka nikaambiwa kwamba natakiwa kusafishwa meno palepale, kisha niwe narudi kila baada ya miezi sita kwa maisha yangu yote. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba huo ndio utaratibu. Gharama yao ni shilingi 60,000 kwa kila mara, bima niliyo nayo hailipii huduma hiyo, na nyumbani tuko watu wazima wanne. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 480,000, fedha ambayo kwangu ni ada ya mtoto.

Nina umri wa miaka 41, napiga mswaki asubuhi na usiku, na sivuti sigara. Marehemu baba yangu alitumia mswaki wa mti maisha yake yote, hakuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno hata siku moja, na alifariki akiwa na miaka 78 na meno yake yakiwa kinywani. Zaidi ya hayo, nimesoma kwamba Waingereza walifanya utafiti wakakuta kuwa kusafishwa mara kwa mara hakuleti tofauti. Nauliza kwa dhati kabisa: je, huduma hii ni ya lazima kiafya au ni desturi tu? Naomba majibu ya wataalamu na ya watu waliopitia.

Fundi wa Buguruni:

Kaka, mimi nakushauri usikubali. Mwaka juzi nilisafishwa, na jioni yake nilipokunywa maji ya baridi nilipata ganzi iliyopanda hadi kichwani. Meno yangu ya mbele ya chini, ambayo yalikuwa yameshikana kama ukuta, yalibaki na mianya, na moja likaanza kucheza. Kabla ya hapo hayakuwa yakinisumbua hata kidogo. Mimi ni seremala, nimeshika msasa tangu ujana wangu, na ninajua kwamba kitu kikisuguliwa hupungua.

Daktari wa Kinywa na Meno, Ilala:

Ndugu wa Tabata, nianze na huo utafiti, kwa sababu umeuelewa sawasawa. Ulifanyika katika kliniki 63 za Scotland na kaskazini-mashariki mwa England, ukahusisha watu wazima 1,877 kwa miaka 3, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2018. Kundi moja lilisafishwa kila baada ya miezi sita, la pili mara moja kwa mwaka, na la tatu halikupangiwa usafishaji wowote. Mwishoni, makundi yote matatu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana katika kutokwa damu kwenye fizi. Kwa hiyo anayesema kwamba miezi sita ni sheria kwa kila mtu anasema jambo lisilo na ushahidi. Wala hoja hiyo si ngeni: Profesa Aubrey Sheiham, mtaalamu wa afya ya meno ya jamii, alihoji msingi wa uchunguzi wa meno wa kila miezi sita katika jarida la The Lancet mwaka 1977, na mwongozo wa Uingereza uliotolewa mwaka 2004 unamruhusu mtu mzima mwenye kinywa chenye afya kukaa hadi miezi 24 kabla ya kuonwa tena.

Tazama pia, hata hivyo, ni akina nani waliochunguzwa. Walikuwa watu wenye mazoea ya kumwona daktari wa meno, na wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hawakuingizwa. Mgonjwa ninayempokea mimi hapa Dar es Salaam mara nyingi amefikisha miaka 40 bila kusafishwa hata mara moja, na amekuja siku hiyo kwa sababu jino limemkosesha usingizi. Jibu lililopatikana kwa wale haliwezi kumtosha huyu.

Utando laini unaojijenga juu ya meno kila siku huondoka kwa mswaki. Ukiachwa kwa siku kadhaa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo kwenye mate huugandisha, nao huwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa ndimu, ambayo asidi yake hula jino lenyewe. Nawasihi sana muache kusugua meno kwa ndimu. Ugaga hujikusanya zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa karibu na hapo ndipo vinapofungukia vijitundu vya tezi za mate. Ubaya wake ni kwamba unakwaruza, kwa hiyo hushika utando mpya pembezoni mwa ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki tena.

Fundi, nakupa pole kwa yaliyokupata. Mashine ya kusafishia meno haifanyi kazi kama msasa: ncha yake hutetemeka kwa kasi kubwa huku ikimwagiwa maji, na mtetemo huo ndio unaobandua ugaga kwenye jino. Kwa jinsi unavyoeleza, yaelekea mianya hiyo ilikuwepo tangu zamani, tangu ufizi na mfupa vilipoanza kushuka, ila ilikuwa imezibwa na ugaga. Jino linalocheza yaelekea lilikuwa limeshapoteza sehemu ya mfupa wake, likawa linashikiliwa na ugaga uliolifunga na jirani yake. Ganzi hutokana na mizizi iliyofunuliwa, na mara nyingi hupungua ndani ya siku au wiki chache. Aliyekuhudumia alipaswa kukueleza haya yote kabla hujafungua mdomo, na kwa hilo una haki ya kulalamika. Tafadhali jino hilo likaonwe, maana bado linaweza kuokolewa.

Kuhusu marehemu mzee, Mungu amrehemu. Mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Watu hao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala huduma yoyote ya meno, na vinywa vyao vilijaa utando na ugaga. Pamoja na hayo, asilimia 11 ugonjwa wao haukuvuka hatua ya uvimbe wa fizi. Asilimia 81 waliharibika kwa mwendo wa wastani, na asilimia 8 kwa kasi kubwa, hata kufikia umri wa miaka 45 walikuwa wamepoteza karibu meno yote. Mzee aliyesugua kwa mswaki wa mti kila siku alikuwa na nafasi bora kuliko vibarua wale. Wewe, kwa upande wako, huwezi kujua umo katika kundi lipi kwa kutazama meno ya baba.

Kinachopaswa kuamua ni hali ya fizi zako, na hali hiyo hupimwa. Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu sita kulizunguka kila jino. Ufizi wenye afya hukisimamisha kijiti kwenye milimita 1 hadi 3, tena hautoi damu. Kikizama milimita 4 au zaidi na damu ikatoka, hapo kusafisha ni matibabu, na kuchelewa kuna gharama yake. Kama hakuna aliyekupima hivyo, aliyekupangia miezi sita hakuwa na msingi wa kuipanga.

Mama wa Mbagala:

Shikamoo daktari, na asante kwa maelezo. Mimi si mtaalamu, ila nina kisukari, ugonjwa unaoweza kudhuru hata fizi, kwa miaka tisa sasa. Kwa muda mrefu kila nikiuma kipande cha muhogo naona mstari wa damu juu yake. Nikadhani ni mswaki mgumu, nikanunua laini. Kisha nikaacha kabisa kupiga mswaki upande ule ili nisiuchokoze. Katika kliniki ya kisukari niliyohudhuria walinipima miguu na macho, lakini hakuna aliyewahi kuniambia nifungue mdomo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwishowe niling'olewa magego mawili yasiyo na tundu hata moja. Daktari aliyaweka juu ya pamba, nikayaona: juu meupe kabisa, na chini kwenye mizizi yamevikwa ganda jeusi kama masizi ya sufuria. Kumbe huo wote ulikuwa ugaga wa chini ya ufizi. Sasa nasafishwa kila baada ya miezi minne kwa kadiri nilivyopangiwa baada ya kupimwa, na damu imekoma. Wadogo zangu wasio na kisukari hawaendi mara nyingi hivyo, nami sioni kama wanakosea.

Mkazi wa Tabata:

Nawashukuru sana, na pole sana mama. Usiku huu nimechukua kioo kidogo na tochi ya simu nikatazama nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kuna mstari wa rangi ya kahawia, na ncha ya ulimi ikipita inakwaruzwa. Miaka yote nilidhani ndivyo meno yalivyo. Nina swali moja zaidi, daktari. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, na fizi zake hutoka damu tangu mwezi wa tatu. Je, anaweza kusafishwa, au tusubiri ajifungue?

Daktari wa Kinywa na Meno, Ilala:

Marahaba, mama wa Mbagala, endelea hivyohivyo.

Ndugu wa Tabata, msisubiri. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe hata kwa utando mdogo, na kusafishwa katika kipindi hiki ni salama. Miezi ya katikati, alipo sasa, ndiyo inayomfaa zaidi mama kukaa kwenye kiti. Amweleze daktari umri wa mimba na dawa anazotumia, na asiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Wewe mwenyewe kwa mstari huo unahitaji kusafishwa safari hii. Wengine wawili wa nyumbani wapimwe kwanza. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina idara za meno, kwa hiyo hamlazimiki kurudi kwenye ile kliniki. Popote mtakapokwenda, ombeni msomewe vipimo vya milimita na mviandike, ili safari ijayo daktari ailinganishe hali mpya na ya sasa, kisha apange muda wa kurudi kwa kila mmoja wenu.

Mkazi wa Tabata:

Nimeelewa, daktari. Jumatatu asubuhi nitatangulia na mama watoto Amana, na daftari nitalibeba.