Ingagi haikufungiwa kwa sababu ya ubaguzi, acheni kudanganyana

Wakuu, leo nina hasira acha nizitoe. Kila ikija mada ya muvi za zamani za Marekani zilizopigwa marufuku lazima atokee mtu aseme eti Ingagi ilifungiwa sababu ilitudhalilisha Waafrika. Nani kawaambia?

Kwa wasioijua, mwaka 1930 kuna watu walijiita Congo Pictures wakatoa muvi na kuapa kuwa ni safari ya kweli ya mvumbuzi Mwingereza, Sir Hubert Winstead, huko Kongo ya Wabelgiji, na kilele chake ni wanawake wa Kiafrika wanaotolewa kwa gorila. Huyo Sir hajawahi kuwepo duniani. Gorila ni Mfilipino, Charles Gemora, kavalishwa manyoya, wanawake wa porini ni waigizaji weusi wa Los Angeles hukohuko, na picha kibao za uwindaji zimeibwa kwenye filamu ya Lady Grace Mackenzie aliyekuja kupiga picha huku kwetu Afrika Mashariki zaidi ya miaka kumi nyuma. Halafu wamechukua kobe wakambandika mabawa, mkia na magamba wakasema ni mnyama mpya mwenye sumu, eti tortadillo!! Hata kobe hakupona jamani.

Sasa ofisi ya Will Hays, ile iliyosimamia maadili ya muvi za Hollywood, ilipoizuia, hoja ilikuwa ni feki, basi. Mtazamaji katoa hela yake akijua anaona ukweli, katapeliwa. Na tume ya biashara ya serikali 1933 ikawaambia waache kuitangaza kama ya kweli. Kosa ni lilelile la muuza maziwa anayechanganya maji! Kwamba wanawake wa Kongo wamesingiziwa kulala na wanyama, hilo halikuwanyima usingizi, na kumbi za sinema za kampuni ya RKO zilikuwa zimeshavuna mapene.

Na msiniambie enzi hizo hawakujua. Mwongozo wa hiyo ofisi ya Hays wa 1930 ulikataza wazi mapenzi kati ya mzungu na mweusi, ukakataza hata kivuli cha mama anayejifungua. Kwa hiyo rangi waliiona vizuri sana walipotaka, mkasi ulikuwepo na ulikuwa mkali.

2021 imetolewa upya kwenye diski, imesafishwa vizuri tu, watu wanaichekea gorila. Atakayekuja tena na stori ya ilifungiwa kwa ubaguzi aje na ushahidi, tuusome hapahapa.