Naomba ushauri: wafanyakazi wangu wanajiunga na chama

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo ya useremala yenye wafanyakazi 9. Wiki iliyopita 6 kati yao walinijia wakasema wanajiunga na chama cha wafanyakazi, na kwamba chama kitaleta madai ya nyongeza ya mshahara ya asilimia 20.

Niseme ukweli, sina ugomvi na chama. Nilianza kama kibarua, nikalipwa nusu ya nilichoahidiwa na sikuwa na wa kunisemea. Haki ya kujiunga na chama inalindwa na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, namba 87 wa mwaka 1948 na namba 98 wa 1949, kwa hiyo kumfukuza au kumtisha mtu sifikirii kabisa.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu. Mishahara tayari inakula karibu nusu ya mapato. Nikitoa mbao, kodi na umeme kinachobaki ni kidogo, na kuna miezi mimi mwenyewe sichukui kitu. Viwango ambavyo kiwanda cha watu 500 kinavimudu vitanimaliza. Lakini vijana hawa maisha yamewapandia kama yalivyonipandia mimi, na fundi mzuri akiondoka, kumpata mwingine si mchezo.

Mliowahi kukaa meza moja na chama mkiwa na biashara ndogo: mliwaonyesha vitabu vya hesabu, au baadaye viligeuzwa dhidi yenu? Je, inawezekana kukubaliana nyongeza ya awamu, tuseme inayofuata mauzo? Kikao ni wiki ijayo.