Maltimita ya mwanafunzi, bajeti sh 2,500, Kisumu: 830D, 9205A, UT33D+ au niagize Nairobi?

Adhi_Stima, Kisumu

Habari zenu wakubwa. Nasomea diploma ya umeme na elektroniki, mwaka wa pili. Maabara yetu ina mita chache za kupima umeme na sisi ni wengi, kwa hivyo ukitaka kupima kitu chako mwenyewe unangoja mpaka wenzako watosheke. Nimeweka kando sh 2,500. Nimezipata kwa kujinyima na sitaki zipotee bure.

Leo nimezunguka maduka ya Oginga Odinga Street na upande wa Jubilee. Ile ndogo ya njano, DT830D, wanataka sh 600. Ile kubwa yenye kioo cha kuinua, DT9205A, sh 1,500. Duka moja lina UNI-T UT33D+ kwa sh 2,300, na imebaki moja. ANENG AN8008 inayosifiwa kila mahali hakuna aliyekuwa nayo. Hiyo itabidi niagize Luthuli Avenue, Nairobi, ije kwa basi.

Kazi zangu: mradi wa taa ya sola yenye betri ya volti 12, redio ambazo mjomba ananifundisha kurekebisha, na mara moja moja soketi za nyumbani. Nichukue gani?

FundiKondele

Karibu dada. Umeitaja soketi mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, mimi nitaanza nayo.

Nilikuwa na kijana wa kujifunza kazi. Siku hiyo alikuwa amepima ampea za chaja, waya nyekundu akaiacha kwenye tundu la 10A. Dakika kumi baadaye mteja akauliza kama soketi ina stima. Kijana akazungusha swichi hadi volti za AC, akachomeka ncha mbili kwenye soketi. Waya ukiwa kwenye tundu la ampea, ndani ya mita ni kama umeunganisha laini na nyutro kwa kipande cha chuma. Kukalipuka. Ncha moja iliyeyuka ikabaki kisiki, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kiungo cha pili. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini kovu analo.

Tundu hilo kwenye hizi mita za bei ndogo mara nyingi halina fyuzi. Limeandikwa hivyo pembeni, kwa herufi ndogo mno. Kwenye 9205A ni lile la 20A, mambo ni yale yale. Kwa hivyo 830 iwe ya betri na bodi. Usiipeleke kwenye volti 240.

Halafu angalia herufi ya mwisho. 830B haina mlio wa kukuambia waya haujakatika, 830D inao. Bila mlio utakuwa unainua macho kila mara kutazama kioo na ncha inateleza.

Njoro_Mwaka4

Mimi niko Njoro na nilijinyima mwezi mzima nikaagiza AN8008, sijuti. Inajichagulia kipimo yenyewe, inasoma hadi 9999 wakati hizo nyingine zinaishia 1999, na inapima mikroampea. Taa yangu ya sola ikiwa imezimwa ilikuwa inakula betri polepole. Nikaigundua kwa mikroampea hizo, dayodi moja ilikuwa inavujisha.

Kingine ni RMS halisi, yaani inasoma volti za AC kwa usahihi hata wimbi likiwa si la kawaida. Mkiwa na inverter ya bei rahisi, wimbi lake si laini kama la stima ya kawaida, ni la ngazi ngazi. Mita isiyo na RMS halisi inaweza kukuonyesha 190 na kitu, na inverter haina kosa lolote. Utaifungua bure.

Mwalimu_wa_Maabara, Kakamega

Njoro, hayo yote ni kweli, ila Adhi hakutaja inverter. Na hizo 9999 kwa betri ya volti 12 hazimwongezei kitu. AN8008 itamwonyesha 12.64, na mita ya 1999 ikiwa kwenye kipimo cha 20V itamwonyesha 12.64 pia. Tofauti ataiona chini ya volti 10, pale moja inaposoma 5.003 na nyingine 5.00.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosa kila mwaka ni ukinzani wa mita yenyewe. Adhi, fanya hivi ukiwa mezani. Chukua resista mbili za megaohmu 1, ziunge moja baada ya nyingine, uzilishe betri ya volti 9. Hesabu ya darasani inasema katikati utapata 4.5. Ukipima kwa mita yenye ukinzani wa megaohmu 10 utapata kama 4.29. Ukipima kwa 830, ambayo kwa kawaida ina megaohmu 1 tu, utapata 3.0 kamili.

Mita haijaharibika. Yenyewe imekuwa resista ya tatu, imekaa sambamba na ile unayoipima, zile mbili pamoja zimekuwa nusu megaohmu, na volti zimeshuka kwa haki kabisa. Sasa fikiria uko ndani ya redio ya mjomba, kwenye beisi ya transista (mguu wake wa kuidhibiti) au kwenye laini ya AGC (inayojirekebishia nguvu ya mawimbi yenyewe) ambako resista ni kubwa. Utasoma volti pungufu, utasema transista imekufa, utaing'oa, utaweka mpya, na redio haitasema neno. Nimeona mwanafunzi amebadilisha transista tatu namna hiyo kwenye bodi ambayo shida yake ilikuwa waya wa spika.

Kwa hivyo kwa redio, 830 usiifanye mita yako kuu.

RedioZaKibuye

Mwalimu amesema lililokuwa moyoni mwangu. Niongeze la kapasita. Redio nyingi kuukuu zinazoletwa kwangu ugonjwa wao ni kapasita zilizokauka. 9205A inapima kapasita. UT33D+ haipimi, ile D ni ya kuhisi stima kwenye waya bila kuugusa. Inayopima kapasita katika familia hiyo ni UT33A+. Watu hununua wakidhani zote ni moja kwa sababu rangi ni moja.

Lakini kabla ya kupima kapasita yoyote imalize chaji kwanza. Ukiiweka na chaji yake, mita unaizika wewe mwenyewe.

Adhi_Stima

Asanteni sana, hasa mwalimu. Nimelifanya hilo jaribio kwa 830 ya jirani yangu wa hosteli na nimepata 3.02! Nilikuwa nimeshaamua kununua hiyo. Sasa naona ni kati ya 9205A na UT33D+. Fundi, kwa soketi je?

FundiKondele

Kwa soketi, UT33D+ ningeiamini zaidi, imetengenezwa kwa uangalifu. Ila kama mradi na redio ndiyo mkate wako, chukua 9205A na soketi uwaachie wenye vifaa vyake mpaka utakapopata pesa. Wapo watakaokuambia Fluke 101. Ni mita salama sana, lakini haipimi ampea hata kidogo, na mradi wako wa sola bila ampea utaufanyaje?

Pia, betri ya ndani. Hizi za volti 9 zikianza kuchoka, mita haisemi pungufu, inasema zaidi. Kuna wakati nilikuwa nafuatilia betri ya sola ya mteja, kila asubuhi nasoma 12.9, naona iko sawa. Kumbe iko chini ya 12 na inaendelea kunyonywa. Betri ile ilikufa, na nililipa mimi. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, acha kupima, nenda dukani.

Mwalimu_wa_Maabara, Kakamega

Ukienda kununua nenda na vyako mfukoni. Betri mpya ya volti 9, resista moja ya kiloohmu 10 ya asilimia 1 (pete ya mwisho ni ya kahawia), zile mbili za megaohmu 1, na 7805, yaani kile kidhibiti cha volti 5, uliyoisolda kwenye kipande cha bodi. 7805 nzima inatoa kati ya 4.8 na 5.2. Gusanisha ncha kwenye kipimo cha ohmu 200 huku ukizitikisa waya; namba ikirukaruka, waya ni mbovu. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, duka la pili liko mlango unaofuata.

Njoro_Mwaka4

Na ukibaki na chenji, ile 830 ya sh 600 usiidharau. Ukitaka kujua paneli inatoa wati ngapi unahitaji volti na ampea kwa wakati mmoja, na mita moja haiwezi kuwa kotekote.

Adhi_Stima

Nimerudi. Nilienda leo na mfuko wangu. Muuzaji alishangaa kidogo, kisha akamwita mwenzake aje aone.

9205A ya kwanza: 7805 ikasoma 4.98, kiloohmu 10 ikasoma 10.03. Resista za megaohmu, betri ikiwa 9.30, nikapata 4.42. Nikagusanisha ncha, ikaanza na ohmu 0.7, nikatikisa waya mwekundu ikaruka hadi 14. Akaniletea waya za boksi lingine, zikatulia kwenye 0.5. Nimelipa 1,400 baada ya kuzungumza naye vizuri, na 830D akaniachia kwa 500.

Jioni nikaipeleka kwa mjomba. Tukafungua redio iliyokaa rafuni tangu Desemba, tukang'oa kapasita iliyoandikwa 10 µF, tukaimaliza chaji, tukaipima. Ikasoma 2.1. Mjomba akainyanyua kwenye mwanga akaitazama muda mrefu, halafu akanitaka nimpimie nyingine zote.