Picha pana kutoka Irente: anga lina mabaka na upeo wa macho umepinda

Mpandamlima

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba msaada wa yeyote aliyewahi kuunganisha picha za mandhari kwa uangalifu. Wiki iliyopita nilikwenda Irente, karibu na Lushoto, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na tambarare ya chini ikafunguka hadi macho yanapoishia. Nilikusudia kupata picha moja ndefu inayoanzia kusini, ipite juu ya mashamba ya mkonge, iishie kaskazini-magharibi, kwa sababu nimemwahidi mama yangu kuichapisha kwa upana wa mita 2 aitundike sebuleni. Alikulia milima ile, na magoti yake hayamruhusu tena kutembea hadi kwenye mwamba.

Nilipiga picha 4 yapata saa tatu asubuhi, kamera nikiwa nimeishika mkononi ikiwa imelala, lenzi ikiwa kwenye milimita 18, nikiwa nimefunga kichujio cha polaraizi ili rangi ya anga ikolee. Mipangilio yote niliiachia kamera. Nilipoziunganisha kwa Hugin, programu ya kompyuta ya kuunga picha, upande wa kushoto anga lilikuwa la buluu nzito na katikati likapauka, jiwe lililo karibu na miguu yangu lilitokea mara mbili, na upeo wa macho ulipinda kama upinde. Je, kasoro hizi zinarekebishika, au nirudi mlimani?

Lenzi ya Tanga

Ndugu Mpandamlima, pole kwa kazi, lakini kwa anga hilo ninakushauri urudi. Kichujio cha polaraizi hukoleza sana ile sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na kadiri unavyosogea mbali na sehemu hiyo ndivyo nguvu yake inavyopungua. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa mgongoni kwako, upande wa mashariki, kwa hiyo kusini ndiko kulikokolea na magharibi kukabaki kumepauka. Katika picha moja nyembamba tofauti hiyo haionekani, ila katika picha inayofunika nyuzi 150 lazima ijitokeze, na hakuna programu itakayoifuta bila kuacha alama. Kivue kichujio kabisa.

Pili, usiiachie kamera uamuzi wowote. Pima mwanga kwenye sehemu ang'avu zaidi ya mandhari, kisha weka kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) kwa mkono, uziache hivyohivyo kwa picha zote. Fanya hivyo pia kwa fokasi na kwa mpangilio wa rangi nyeupe, kwani kamera ikijichagulia, picha moja huelekea umanjano na inayofuata ubuluu, na maungio yakaonekana hata kwa mtu asiyejua kamera. Tundu la f/8 linafaa, maana hupunguza giza la pembeni ambalo katika anga tupu hugeuka mistari wima kwenye kila ungio.

Mshika Tripodi

Ninakubaliana na mwenzangu, ila nadhani kasoro kubwa zaidi ni lile jiwe, kwa sababu inaeleza namna ulivyoizungusha kamera. Mtu akisimama na kuzungusha kiwiliwili, kamera iliyo mbele ya uso wake haizunguki mahali pamoja: husafiri kwenye duara, na vitu vya karibu huhama mbele ya vitu vya mbali. Hiyo ndiyo paralaksi. Tambarare iliyo kilomita nyingi haioni mabadiliko hayo, lakini jiwe lililo mita moja kutoka kwako linayaona yote.

Dawa yake ni tripodi yenye reli fupi inayoiwezesha kamera kusogezwa mbele na nyuma juu ya mhimili wa mzunguko. Fanya jaribio hili nyumbani: simamisha fimbo moja karibu na nyingine mbali, uzipange zifunikane katika kioo cha kamera, kisha zungusha kamera kushoto na kulia. Fimbo zikiachana, sogeza kamera kwenye reli hadi zitulie. Weka alama hapo kwa kalamu, kwa sababu kila urefu wa lenzi una mahali pake.

Tena, isimamishe kamera wima na utumie milimita 35. Kwa kamera yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C, kilicho kidogo kuliko cha fremu kamili, kila picha itafunika kama nyuzi 25, na ukiziacha zipandane kwa theluthi moja, picha 9 zinatosha nyuzi 150. Ikiwa kamera yako ni ya megapikseli 24, utapata upana wa pikseli takriban 23,000, yaani karibu 300 kwa kila inchi katika mita zako 2. Zile picha 4 za milimita 18 zingekupa kama nusu ya hizo tu.

Bibi Mandhari

Mwanangu, niongeze neno kuhusu upeo. Ukiwa juu ya genge unashawishika kuinamisha kamera ili uone bonde, na hapo ndipo upinde huanzia. Iweke kamera sawa kwa kipimamaji, uache upeo ukae katikati. Kamera ikiwa wima utabaki na bonde la kutosha, na anga la ziada utalikata baadaye.

Zile za zamani usizifute. Katika Hugin kuna kitufe cha kunyoosha. Kisipotosha, weka alama kwenye vitu unavyojua vimesimama wima, kama nguzo za umeme au kona za nyumba, uiambie programu kuwa hiyo ni mistari wima. Chagua umbo la silinda, yaani picha ichorwe kana kwamba imebandikwa ndani ya mcheduara, kwa maana umbo bapa likizidi nyuzi 120 hivi huvuta pembeni kupita kiasi. Barabara iliyo bondeni itapinda kidogo katika silinda, na huo si ubovu wa kazi yako. Jiwe lililojirudia lifunike kwa barakoa, yaani eneo unalolichora ili programu ilipuuze, katika picha moja, programu itumie lile la picha nyingine.

Mpandamlima

Ninawashukuru sana. Nilianza na ushauri wa Bibi, na upeo umenyooka kwa kutumia nguzo tatu za umeme. Jiwe nalo limebaki moja, ingawa nyasi zilizo kando yake zimekatika. Anga ni kama alivyosema Lenzi ya Tanga, halirekebishiki. Fundi seremala wa mtaani ananichongea reli ya mbao ngumu, na Jumamosi alfajiri nitakuwa Irente tena, bila kichujio.