Naomba ushauri: wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi bado wako vitandani jioni
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kupokea na kuruhusu wagonjwa. Daktari huwaruhusu wagonjwa saa tatu asubuhi anapopita wodini, lakini wengi huondoka jioni, kwa kuwa malipo, fomu za bima na dawa za nyumbani hushughulikiwa katika madirisha tofauti, huku wagonjwa wapya wakisubiri kwenye benchi, dripu zimetundikwa dirishani. Haraka ya jioni ndiyo inayonitisha zaidi: juzi mgonjwa alikutwa getini akiwa bado na kanula (kimrija cha kupitishia dripu kwenye mshipa) mkononi, na ndugu zake hawakuwa wameelekezwa namna ya kumchoma insulini. Mliowahi kutenga chumba cha kusubiria kwa walioruhusiwa, nani huwahudumia humo, na maelekezo ya dawa mnayatoa wakati gani?