Kuba na Nicaragua: siga ipi bora, na unalinganishaje kwa haki?

pafu_taratibu

Wakuu salama? Naomba wazoefu wa siga mje hapa mnisaidie. Nazungumzia zile za kusokotwa kwa mkono, majani mazima ndani, sio sigara za pakiti wala zile za mashine zenye tumbaku ya kukatwakatwa. Mimi nanunua moja moja kutoka nchi tofauti nionje kwanza kabla sijatoa hela ya boksi zima, na kila nikivuta naandika kwenye daftari: inavyonukia kabla ya kuwasha, inavyoungua, ladha ya mwanzo, katikati na mwisho.

Sasa iko hivi. Nimeshindanisha robusto (saizi fupi nene) ya Kuba na Padrón 1964 Anniversary ya Nicaragua, ile nyeusi ya maduro, saizi ya Exclusivo. Hiyo Padrón aisee! Ina pembe nne sababu imebanwa kwenye boksi, jani la nje jeusi linang'aa kwa mafuta, ukinusa tu upande wa kuwashia unakutana na kakao na kahawa, halafu ukiwasha moshi ni mzito na mlaini na moto unashuka sawasawa pande zote mpaka vidole vinahisi joto. Sina la kulalamika kabisa.

Ile ya Kuba jina silitaji, maana sijui kosa ni la kiwanda, la muuzaji au la utunzaji. Ilikua ngumu kuvuta mpaka mashavu yanaingia ndani, mwanzoni ina ukali wa amonia puani, na ikazima nikawasha tena. LAKINI, na hapa ndo nimekwama, ilipofika katikati ikafunguka ghafla, ikaja ladha ya mwerezi na utamu flani wa asali mbichi ambao sijawahi kuupata kwenye siga ya nchi nyingine yoyote. Ikakaa kidogo ikapotea, uchungu ukarudi.

Kwaiyo nauliza, Kuba ni jina tu au kuna kitu mimi sijakipata? Inawezekana ni feki? Muuzaji aliitoa kwenye boksi lililokua limeshafunguliwa. Nyumbani zote natunza pamoja kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa na pakiti za Boveda za kudhibiti unyevu, za asilimia 69.

mzee_wa_mwerezi

Kaka umeuliza vizuri sana na umeweka maelezo ya kutosha, wengi huwa wanakuja na "siga gani kali" basi. Mimi naona jibu lako karibu lote liko kwenye hiyo 69 na kwenye hiyo amonia.

Tuanze na unyevu. Siga nyingi za Nicaragua zenye jani nene la maduro zinavumilia 69 bila shida. Za Kuba kwa uzoefu wangu kwenye 69 zinavimba, majani ya ndani yanakunywa maji, njia ya hewa inabana, moto unapata taabu ndo maana inazima na inakua chungu, sababu na wewe unaanza kuvuta kwa nguvu na kwa haraka ili isife. Kuba mimi naziweka 62 hadi 65 na tofauti utaiona mwenyewe. Zitenge, kopo lake na pakiti zake. Na hata kama hutaki kununua kopo la pili, itoe ile ya Kuba unayotaka kuvuta uiweke kwenye boksi tupu la mwerezi, bila pakiti yoyote, siku moja au mbili kabla ya kuivuta, inapumua na kukauka kidogo. Usiizidishe tu, jani la nje likikauka sana linapasuka ukiishika.

Hiyo amonia sasa. Tumbaku ya siga ikishavunwa na kukaushwa inarundikwa malundo makubwa, inapata joto yenyewe na kuchacha, na wakati wa kuchacha inatoa amonia. Ikisokotwa kabla haijamaliza vizuri, au ikiwa imetoka kiwandani juzi tu, unaisikia puani vilevile ulivoeleza. Kampuni ya Padrón yenyewe inasema tumbaku ya hiyo 1964 inakaa miaka 4 kabla ya kusokotwa. Kwaiyo umeshindanisha siga iliyopumzika kabla haijauzwa na siga ambayo kazi ya kuipumzisha umeachiwa wewe mnunuzi. Kuba wanagonga tarehe chini ya boksi, mwezi kwa herufi za Kispania na mwaka, mfano ENE ni Januari na AGO ni Agosti. Siku nyingine muulize muuzaji alipindue boksi uone. Kama ni la mwaka huuhuu, nunua ukalisahau.

Na hiyo asali uliyoionja katikati ishike. Ndo inayotufanya wengine tuvumilie Kuba na vituko vyake vyote.

Chumba_cha_Moshi

Mzee kasema kweli ila mimi suala la feki silipuuzi. Siga ya Kuba ikishatolewa kwenye boksi ni kazi kweli kuithibitisha, hata pete za karatasi zenye jina la siga zinaigwa vizuri siku hizi. Ushahidi uko kwenye boksi. Angalia muhuri wa kijani wa dhamana, wa sasa una msimbo wa mistari na hologramu, na namba yake unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos S.A. wanaosimamia siga zote za Kuba zinazouzwa nje. Chini ya boksi la mbao yamechomwa kwa chuma cha moto, sio kubandikwa, maneno Hecho en Cuba na Totalmente a mano. Ukiona Cohiba, chapa maarufu ya Kuba, kwenye boksi lenye kioo juu achana nayo mara moja, Habanos hawajawahi kutoa boksi la hivyo, na ndo feki inayouzwa kwa watalii kuliko zote.

Ila kuziba peke yake sio dalili ya feki. Siga halisi kabisa inaziba pia, msokotaji akipindisha majani ya ndani badala ya kuyakunja wima hewa haina pa kupita. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili kuanzia juu mpaka chini, ukikuta sehemu moja ngumu kama kifundo hapo ndo penyewe. Kuna sindano ndefu za kutoboa njia, zinasaidia ikiwa imeziba sehemu moja, ila kama ni nzito urefu wote hakuna dawa.

jani_la_nje

Naomba nipingane kidogo na wakuu wote wawili, sio kwa ubaya. Unyevu sawa, umri sawa, feki sawa, lakini hata hayo yote ukiyarekebisha ulinganisho wenyewe bado haujakaa sawa. Umeweka maduro mbele ya siga yenye jani la rangi ya kawaida. Maduro jani lake limechachushwa kwa muda mrefu zaidi na kwa joto kubwa zaidi mpaka likawa jeusi na tamu, hiyo kakao na kahawa unayoisifia sehemu kubwa ni kazi ya jani hilo. Kwaiyo umelinganisha rangi mbili, hujalinganisha nchi mbili. Hiyohiyo 1964 ipo ya natural, jani la kahawia, ichukue hiyo uiweke mbele ya Kuba ndo utajua ardhi ya Nicaragua inasemaje.

Kingine ni nguvu. Mmea wa tumbaku ya siga unachumwa kuanzia chini kwenda juu na kila ngazi ina kazi yake. Majani ya chini, volado, yanasaidia kuungua. Ya katikati, seco, yanaleta harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa jua zaidi, ni mazito, yana nguvu na yanaungua pole pole, ndo maana msokotaji anayaweka katikati kabisa akizungushia mengine. Ukiona jivu lako likidondoka linaacha moto umechongoka kama penseli, ndo hilo ligero. Nicaragua kawaida hawaoni tabu kulijaza. Kuba robusto nyingi ni za wastani, utamu wake mdogo mdogo, na ukitoka kwenye Padrón nyeusi ulimi umeshapigwa, hutausikia.

Na historia yenyewe inachanganya hiyo hoja ya "Kuba dhidi ya Nicaragua". Viwanda vya Kuba vilitaifishwa 1960, familia nyingi za tumbaku zikaondoka na ujuzi wao. José Orlando Padrón mwenyewe alitokea Pinar del Río, mkoa wenye eneo la Vuelta Abajo inakolimwa tumbaku bora ya Kuba, akaanza Miami 1964 halafu 1970 akahamia Nicaragua. Februari 1962 rais wa Marekani Kennedy akaiwekea Kuba vikwazo vya biashara, na Pierre Salinger, msemaji wake, alikuja kusimulia kwamba jioni moja kabla aliagizwa atafute siga za Kuba aina ya Petit Upmann 1,000, akapata 1,200, na alipoleta habari hiyo asubuhi ndo rais akasaini. Toka hapo soko la Marekani likawa la watu wa Nicaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na Estelí, mji wa siga wa Nicaragua, ikakua. Kwaiyo hiyo Padrón yako ni mkono wa Kikuba kwenye udongo wa volkano wa Nicaragua. Tofauti kubwa inayobaki ni udongo, na kwamba siga ya Kuba ni majani ya Kuba matupu kuanzia ndani mpaka nje, wakati siga nyingi za nchi nyingine zinachanganya, jani la nje la Ekwado, la kufungia la Meksiko, la ndani la nchi tatu.

BiSauda_na_daftari

Habari zenu kaka zangu. Mimi naongezea upande wa kuvuta wenyewe maana naona umesahaulika, na siga nzuri inaharibiwa hapo kuliko mahali pengine.

Usikate sana. Toa kofia tu ya upande wa mdomoni, ukivuka mstari wake jani la nje linafunguka. Kuwasha tumia gesi ya butani au kijiti cha mwerezi, petroli inaacha ladha. Usiguse siga kwa moto, izungushe juu ya moto mpaka ukingo wote ugeuke kijivu, ndo uvute. Halafu pafu moja kwa dakika, basi. Ukienda haraka joto linapanda na kila siga duniani inageuka chungu, ya Kuba au ya Nicaragua. Ikizima sio dhambi, pangusa jivu, puliza nje kidogo moshi wa zamani utoke, washa tena.

Kwenye kulinganisha mimi nafanya hivi: mtu mwingine anazivua pete, anaziwekea alama anazozijua yeye, mimi navuta bila kujua. Siku tofauti, saa ileile, nimekula, kinywaji ni maji tu. Pete ikitoka hata maneno unayoandika yanabadilika, unaacha kuandika unachokitegemea unaanza kuandika unachokionja. Na zilingane saizi. Unene unapimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwaiyo 50 ni karibu milimita 20, na robusto ya Kuba ni milimita 124 kwa 50. Exclusivo unene ni uleule ila ni ndefu zaidi, hapo umekaribia, sio mbaya.

Nyingine nasema kwa upendo kabisa. Moshi hauingizwi kifuani, unapita mdomoni na kidogo puani, na hata hivyo sio salama, saratani ya mdomo na koo haiulizi bei ya siga. Siga kubwa moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Mimi sivuti kila siku kwa sababu hiyo, na nikivuta navuta kilicho kizuri.

pafu_taratibu

Aisee nashukuruni sana, hasa hiyo ya maduro na natural imenifungua macho. Nimeshatenga kopo la pili, 65, na natafuta Padrón ya natural, pete atazivua mdogo wangu.

Ila nimezikagua zote baada ya kusoma hapa, nimekuta siga moja nyingine ina vitobo viwili vya duara kama vya pini pembeni, na chini ya kopo kuna unga laini wa kahawia. Sasa haikai na zile za Kuba ila mwanzo zilikua kopo hilohilo. Ni nini hiki?

mzee_wa_mwerezi

Huyo ni mdudu wa tumbaku kaka, usilale nalo! Mayai yanakujaga ndani ya majani na joto likipita nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, bila joto yangekaa kimya. Mwenye vitobo mtupe leo. Waliobaki wote, hata wanaoonekana wazima, waweke kwenye mfuko unaofunga kabisa, toa hewa, anza na friji siku moja, halafu friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku tatu au zaidi, rudisha friji siku moja tena ndo utoe nje bila kufungua mfuko mpaka zipate joto la chumba. Hizo hatua za friji usiziruke, siga ikibadilishiwa joto ghafla jani la nje linapasuka urefu wote. Kopo lioshe kwa maji ya moto, likauke kabisa, na ulihamishe mahali penye nyuzi 18 mpaka 21. Pakiti za Boveda zifute tu kwa nje, zinaendelea na kazi.

Za Kuba nazo ziingie friza na wenzake, hata kama hazina kitobo.